Mama Jezi na Taulo Namba Tisa

Mama Jezi hajawahi kupiga mpira hata kwa bahati mbaya. Mpira ukimjia huukwepa, halafu humwita mtu aje auchukue. Lakini ukiuliza mtaani kwetu timu ya wasichana ni ya nani, hata watoto watakwambia ni ya Mama Jezi, na Kocha akisikia hivyo hucheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Mimi ni fundi cherehani. Ua wangu umetenganishwa na wa Mama Jezi kwa mabati tu, na mabati hayana siri. Haya ninayoyasimulia mengi nimeyaona kwa macho yangu, na machache niliyasikia kupitia hayo mabati, maana mimi si kiziwi. Najua wako watakaosema Fundi ana maneno. Ninayo, na leo nitayatumia yote.

Kaka yake Mama Jezi alipofariki aliacha binti ambaye ndiyo kwanza alikuwa anang'oka meno ya utotoni. Mama wa binti hakukawia, akaolewa mbali. Ndugu wakakaa kikao, kila mmoja akakumbuka shida zake, na mtoto akaangukia kwa shangazi yake, mwanamke asiye na mume wala mtoto, anayewafulia watu nguo uani kwake. Hakuna aliyemlazimisha. Alisema tu, "Damu ya kaka yangu haitalala kwa watu," akamshika mtoto mkono wakaondoka.

Binti akapenda mpira kuliko chakula. Shangazi akawa anakwenda naye uwanjani kumshikia ndala zisiibwe. Kisha akawa anamfulia jezi. Kisha akaongeza jezi ya rafiki wa binti, kwa kuwa beseni lilikuwa na nafasi. Mwisho Kocha akamletea gunia zima, na jina likazaliwa hapo. Akapewa ufunguo wa stoo iliyo kando ya uwanja, ile wanayobadilishia nguo, akawa mtunza vifaa. Binti naye akakua, akawa mshambuliaji, akavaa namba tisa, akawa nahodha. Mtaa mzima ulimwita Nahodha na hata mimi nitamwita hivyo, ingawa siku hizi jina hilo linanikwama kooni.

Msimu mmoja wachezaji wakaota vidonda usoni, mmoja baada ya mwingine. Vilianza kama vipele vya maji pembeni mwa mdomo au chini ya pua, vikapasuka, vikatoa majimaji, vikakauka na kufanya ukoko wa rangi ya asali. Vijana wa kijiweni wakawapa jina, "Timu ya Asali," na wakawa wanauliza kama wanauza kwa chupa au kwa kijiko. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja mfupi asiyejua kunong'ona, akaja uwanjani mwenyewe. Akaangalia nyuso, kisha akaangalia benchi. Pale palikuwa na taulo moja la kijivu, lililokuwa jeupe zamani, ambalo kila aliyetoka uwanjani alijifutia.

Akaliinua kwa ncha za vidole viwili. "Hili ni la nani?"

"La timu," wakajibu.

"Basi na vidonda ni vya timu."

Alikaa nao chini akawaeleza bila kuwaonea haya. Kwamba yale majimaji ndiyo yenye vijidudu, na kitu kilichogusa kidonda kikigusa ngozi ya mwingine, basi kimempelekea. Taulo, wembe, shuka, jezi iliyovaliwa, hata kucha ndefu iliyokuna kidonda ikaenda kumshika mwenzake shavu. Aliyeota kidonda aende apewe dawa, akifunike, anawe mikono, akae nje ya mchezo mpaka aambiwe yuko salama. Vitambaa vifuliwe kwa maji ya moto, vianikwe juani. Kila mtu na taulo lake.

Wachezaji wengi walisikiliza kama mtu anavyosikiliza hotuba kwenye jua. Mama Jezi alisikiliza kama anayepewa wosia. Kesho yake alikuja kwangu na kitambaa cha taulo, tukakata, tukapinda kingo, na nikashona namba kwenye kila pembe kulingana na jezi ya kila mmoja. Yakawa yanarudi kwake baada ya kila mechi ndani ya mfuko wa peke yake. Alikuwa na sufuria kubwa la kuchemshia ambalo hakuruhusu hata chai ya wageni ipikwe ndani yake. Siku ya kufua, ua wake ulijaa namba zinazopepea, na wapita njia walimtania kwamba anaendesha bahati nasibu.

Siku ya kuyagawa alisimama mbele yao, akiwa na haya kidogo kwa sababu si mtu wa hotuba. "Mimi sina mengi," alisema. "Kidonda si aibu. Aibu ni kukigawa. Mwenye nacho aje aniambie mimi, na mimi mdomo wangu mnaujua." Nahodha ndiye aliyesimama wa kwanza, akanyoosha taulo lake juu na kusema kwa niaba ya wote kwamba hakuna atakayejifutia la mwenzake. Wakapiga makofi. Mama Jezi akafuta macho kwa kanga, akasingizia vumbi.

Na kweli wasichana walikuwa wanamjia. Utamwona mmoja amezunguka nyuma ya stoo, anamwonyesha paja au kidevu, na yeye anainama kuangalia bila kugusa wala kukunja uso. Kisha anakwenda kwa Kocha na kusema, "Huyu apumzike." Kocha akiuliza kwa nini, jibu ni lilelile, "Apumzike." Hata mimi, jirani yake, sikuwahi kujua nani alikuwa na nini, na mnajua nilivyojaribu.

Msimu uliofuata ndio huu ninaousimulia. Timu ilishinda tangu mwanzo, ikateleza mara moja tu, ikaendelea kushinda. Mtaa ukapata wazimu. Watu ambao hawakuwahi kuwatazama wasichana hawa wakaanza kuwafahamu hadi shangazi zao. Mama Jezi akawa anasalimiwa na watu asiowajua, na kila jioni ya mechi alipokea mfuko wa mataulo yaliyolowa na kuchafuka, akafurahi. "Unaona, Fundi?" aliniambia, akiyatia kwenye sufuria. "Wanayatumia. Mtoto ukimwambia kwa upole anasikia."

Msimu ukiwa bado mchanga Nahodha alikuja dukani kwangu. Alisema taulo lake namba tisa alilisahau safarini, nimshonee jingine, ila nisimwambie Shangazi kwa kuwa ataumia. Nikamshonea kwa uzi uleule, namba ileile, na nikamsifu moyoni kwamba binti ana huruma. Kumbe nilikuwa napakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Fainali ilipokaribia, Golikipa akaota kidonda pembeni mwa mdomo. Golikipa ni msichana mrefu mwenye mtoto mchanga, ambaye anamlelea nyumbani kwa mama yake. Hakwenda kwa Mama Jezi. Alipaka poda. Kisha winga akaota chini ya pua, kisha beki, na safari hii hakuna aliyezunguka nyuma ya stoo. Mama Jezi aliwaona uwanjani na poda zao, akashtuka.

Sijawahi kumwona akihangaika vile. Alichemsha mataulo, akayafua, akayachemsha tena. Alibadilisha kamba ya kuanikia. Aliacha kufulia jezi kwenye beseni moja na mataulo. Viganja vyake vilipasuka kwa maji ya moto. "Fundi, kosa ni wapi?" aliniuliza kupitia mabati. "Labda jua halitoshi. Labda ni mimi ninayebeba na mikono yangu." Alikwenda zahanati kujionyesha yeye, mzima kabisa, na Muuguzi akamrudisha akimwambia hana kitu, awaambie wasichana ndio waje. Aliwaambia. Wakasema watakwenda baada ya fainali, kwa sababu Muuguzi angewakataza kucheza.

Nahodha alikuwa anayaona hayo yote. Alikuwa anakula sahani moja na shangazi yake, anamwona akipuliza viganja vyake, na anakwenda kulala.

Kisha mtoto wa Golikipa akaota vidonda. Uso wote, pua hadi kidevu, mtoto ambaye hajui hata kujikuna. Nashukuru alipelekwa zahanati mapema na dawa ikamkubali. Lakini siku aliyopelekwa, bibi yake, yaani mama yake Golikipa, alikuja uani kwa Mama Jezi na sauti iliyowatoa watu majumbani.

"Wewe mwanamke! Mjukuu wangu amekukosea nini?"

Mama Jezi alikuwa ameinama kwenye beseni. Akasimama, mikono inachuruzika. "Karibu, dada. Kuna nini?"

"Usinikaribishe! Mwanangu anajifuta mataulo yako, anakuja kumbusu mtoto, mtoto ameoza uso! Unajiita unafua? Unafua nini? Unachovya tu! Kama kazi imekushinda, sema wakapewe wenye nguvu!"

"Nayachemsha, dada. Njoo uone sufuria."

"Nione sufuria la uchafu? Toka hapa! Mtu hajazaa, atajuaje uchungu wa mtoto?"

Hilo ni neno ambalo hata katika ugomvi huwa tunaliruka. Nahodha alikuwa amekaa kizingitini akifunga kamba za viatu, na nikamtazama, nikitegemea atasimama. Maana kama kuna mtu aliyejua uchungu wa Mama Jezi wa kulea, ni yeye. Alifungua kamba, akaifunga tena.

Yule mama alipoondoka na watu kutawanyika, Mama Jezi alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ndipo Nahodha akamwuliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayejali: "Shangazi, labda umebadilisha sabuni?"

Na mwenzangu akafikiri! Akakaa pale akikumbuka sabuni zote alizotumia mwaka ule. Hadi leo nikilikumbuka swali lile natamani kumrushia mtu pasi yangu ya mkaa.

Habari zilisambaa. Mwalimu wa chekechea aliyekuwa akimletea shuka za watoto akatuma mtu kuzichukua zikiwa bado hazijakauka. Watu waliompa nguo kwa miaka wakagundua ghafla kwamba wanaweza kufua wenyewe. Na siku chache kabla ya fainali Kocha akaitisha kikao stooni. Nilikuwepo, nimeleta bukta nilizotia lastiki mpya, na hakuna aliyekumbuka kunitoa.

"Tunamheshimu sana Mama yetu," Kocha alianza, na mtu akianza hivyo ujue umekwisha. Akazunguka weee, akataja uzee, akataja uchovu, akataja kwamba samaki mmoja akioza ni wote. Akamaliza kwa kusema Mama apumzike, kila mchezaji ajifulie. "Nahodha, wewe ndiye sauti ya wachezaji. Mnasemaje?"

Nahodha alitazama vidole vya miguu yake. "Uamuzi wa timu ni uamuzi wa timu," akasema.

Mama Jezi hakubisha. Aliuliza tu nani atakayehakikisha mataulo yanachemshwa. Njiani kurudi nilimwambia yule binti ni mtovu wa adabu, shukrani ya punda ni mateke. Akaniambia nimwache mtoto, ni nahodha, hawezi kumpendelea ndugu yake mbele za watu. Alikuwa bado anamtetea.

Siku ya fainali, Mama Jezi aliamka akagundua kwamba bado ana ufunguo wa akiba wa stoo. Hakutaka watu waje kusema ameung'ang'ania. Akaniomba nimsindikize. Wakati tunatoka, kwenye kamba ya uani kwao lilikuwa linaning'inia taulo namba tisa, lililofuliwa asubuhi hiyo, maana kazi ya timu wamemnyang'anya lakini nguo za binti wa nyumbani bado alikuwa anafua. Akatikisa kichwa. "Ona, amelisahau. Atajifuta na nini?" Akataka kulichukua ampelekee, akakuta bado bichi, akaliacha.

Tulipofika, mlango wa stoo ulikuwa umerudishwa tu. Ndani walikuwa wanaimba wimbo wao wa kuingilia uwanjani, kwa sauti ya chini. Mama Jezi akasukuma mlango.

Wasichana walikuwa wamesimama duara. Katikati alikuwepo Nahodha na taulo mkononi, anazunguka kwa kila mmoja, anamfuta uso: paji, mashavu, mdomo. Taulo lilikuwa limekauka na kukakamaa, lina rangi ya udongo, na harufu yake ilitufikia mlangoni. Alimfuta Golikipa na kidonda chake, akamfuta winga na chake, akamfikia msichana mgeni kwenye timu, mwenye uso laini usio na kipele, naye akainua kidevu afutwe. Kwenye pembe ya taulo nikaona kazi yangu. Namba tisa.

Wimbo ulikatika. Nahodha alikuwa wa mwisho kutuona.

"Lile liko kwenye kamba," Mama Jezi alisema. "Nimelifua asubuhi."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Ilikuwa bahati, Mama. Mechi ya kwanza ilinyesha mvua, Nahodha akawafuta wote kwa taulo lake, wakashinda. Iliyofuata wakaacha, wakafungwa. Wakarudia, wakashinda, na tangu hapo hawakuthubutu kuacha.

"Na kulifua?"

"Ukilifua bahati inatoka na maji," winga akasema, na aliamini alichosema.

Mama Jezi akawatazama mmoja mmoja. "Basi yale mengine ninayofua mimi. Yanarudi yamelowa. Yana uchafu."

Golikipa akaanza kulia. "Tunayachovya bombani, Mama. Halafu tunayakanyaga kidogo. Ili usijue."

Nimeona watu wakipokea habari za msiba. Uso wa Mama Jezi haukuwa tofauti. Msimu mzima mwanamke huyu alichemsha mataulo ambayo hayajamgusa mtu, akayaanika, akayakunja, akajipongeza. Alipasuka viganja kwa ajili ya uchafu uliopakwa kwa mguu. Na lile namba tisa nililolishona mara ya pili, nikidhani binti ana huruma, lilikuwa la kumfanyia maigizo yeye. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyeishona hiyo nguo.

Nikafungua mdomo niwatapikie yote. Mama Jezi akanishika mkono.

"Mtoto anaendeleaje?" alimwuliza Golikipa.

"Vizuri, Mama. Vinakauka."

"Ukitoka uwanjani oga kwa sabuni kabla hujamnyonyesha. Na kidonda chako ukifunike." Akamgeukia yule mgeni. "Wewe nenda ukanawe uso sasa hivi." Kisha akamtazama binti wa kaka yake. "Uliniuliza kama nimebadilisha sabuni."

"Shangazi, ningekwambia. Baada ya fainali ningekwambia."

Mama Jezi aliweka ufunguo juu ya benchi, tukatoka.

Walishinda. Ningependa kusema walifungwa, ingekuwa hadithi nzuri, lakini walishinda mabao mawili, yote ya Nahodha. Tulisikia kelele tukiwa uani. Mama Jezi aliondoa lile taulo kwenye kamba, akalikunja, akaliweka kitandani kwa binti, akaanza kupika kama kawaida.

Jua lilipokuwa linazama Nahodha akaja, medali shingoni, ameponyoka kwenye shangwe. Mimi nilikuwa nimekaa na Mama Jezi, na sikuondoka. Binti akapiga magoti, akavua medali, akamwekea mapajani.

"Ni yako, Shangazi. Nisamehe. Kila nilipotaka kusema nilikuona unavyofurahi na mataulo yako, nikashindwa. Na wenzangu wangeniona nimewauza."

"Ukaona uniuze mimi."

"Si hivyo, Shangazi."

"Ni hivyo. Mimi sikasiriki kwa taulo. Nyie watoto, mnaamini mnachoamini. Ila nimetukanwa hapa nilipo, mbele ya watu, na wewe ulikuwa umekaa pale." Alionyesha kizingiti. "Nimevuliwa kazi, ukasema ni uamuzi wa timu. Nilikuwa nahangaika kama mwendawazimu, na mtoto wangu anajua." Akamrudishia medali mkononi. "Hii sina pa kuivaa. Ninataka neno moja. Mwambie mama yake Golikipa kwamba mataulo yangu yalikuwa safi. Hilo tu. Usinisifu, usinililie. Neno moja, kwa mdomo wako."

"Nitamwambia. Wallahi kesho asubuhi."

Binti alipoingia ndani nilimwambia Mama Jezi anachelewesha mambo, mimi naweza kwenda sasa hivi kwa yule mwanamke na kumaliza kazi. Akakataa. "Ukisema wewe utakuwa umbeya wa majirani. Akisema yeye, watu wataamini. Na mimi nitajua nilimlea nani."

Asubuhi nilifungua duka mapema kuliko siku zote. Mama Jezi alikuwa nyuma ya shuka alizoanika, zake mwenyewe, maana za watu hazikuwepo tena. Nahodha alikuwa amesimama getini na medali yake, anapokea pongezi za wapita njia. Na mama yake Golikipa akatokea, mjukuu mgongoni, uso wa mtoto umeshaanza kuwa uso tena. Alipofika usawa wa geti akasimama, akatabasamu, kwa Nahodha tu.

"Hongera sana mwanangu! Umetutoa kimasomaso!"

"Asante, mama."

"Pole na ya nyumbani. Ndivyo ilivyo, mtu akichoka anachoka. Angalau wewe umelelewa ukaleleka."

Nikashika mkasi wangu kwa nguvu. Nahodha alijishika kidevu kwa kiganja. Niliona kabisa neno linapanda, likafika kooni. Watu walikuwa wamesimama, wakimtazama kwa mapenzi.

"Asante, mama," akarudia.

Yule mama akaenda zake. Shuka za Mama Jezi hazikutikisika.

Baadaye kidogo binti aliingia uani, na alipoinua uso nikaona alichokuwa amekiziba kwa kiganja alipokuwa getini: kipele cha maji chini ya mdomo, kimeanza kupasuka. Alisimama mbele ya shangazi yake. Mama Jezi akakitazama. Akanawa mikono, akaleta maji ya uvuguvugu na sabuni, akamsafisha taratibu kwa pamba, akaitupa pamba, akampaka dawa aliyokuwa amepewa na Muuguzi kwa ajili ya wasichana, akakifunika, akanawa tena. Hakumwumiza hata kidogo.

"Mchana uende kwa Muuguzi akakione," alisema. "Usikiguse."

Nahodha akadhani yamekwisha. Akamshika upindo wa kanga, kama alivyokuwa akimshika utotoni. "Shangazi, umenisamehe, eeh?"

"Nimekupaka dawa."

Akautoa upindo mkononi mwa binti. Akaenda kwenye msumari wa bafuni walipokuwa wakitundika mataulo yao mawili pamoja, akalichukua la kwake, akaingia nalo chumbani, na akafunga mlango.